Ugonjwa wa Kungoja

Dizeli inayosukuma malori kutoka Mombasa hadi Kampala na mbele ya hapo huingia nchini kupitia Kipevu, upande wa Changamwe. Meli hufunga huko majini. Kituo kipya kilichozinduliwa mwaka 2022 kinaweza kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja. Kutoka hapo mafuta huingia kwenye matangi na mabomba, na bomba la kwanza la kuyapeleka Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Jirani yake ipo mitambo ya umeme inayochoma mafuta mazito, mazito kiasi kwamba ni lazima yapashwe moto kwanza ndipo yakubali kutiririka. Kipo pia kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Mtoto wa Chaani au Port Reitz huijua harufu ya mafuta kabla hajajua kusoma. Na bado, stima inapopotea usiku, ni hapohapo Changamwe, na Likoni, na Kisauni, utakaposikia stata ikizunguka gizani, ikipumzishwa, ikizunguka tena kwa uchovu zaidi, na injini isishike.

Nimeisikiliza sauti hiyo kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba tunaisikia vibaya. Tunaichukua kuwa ni habari ya usiku ule. Jenereta imekataa, tunasema, kana kwamba imeamua sasa hivi, mbele yetu, kwa ukaidi. Lakini injini iliyokataa kuwaka saa nne za usiku ilikuwa imekwisha kukataa wiki nyingi nyuma, mchana mmoja mtulivu, stima ipo, feni zinazunguka, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufungua kile chumba chake. Usiku ule umetuletea tu barua iliyoandikwa zamani.

Asiyekaa huku upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, huenda akadhani jenereta za mitaani ni za taa na televisheni. Ni za maji. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Kwale, Tiwi kusini mwa Likoni. Hayautoshi mji, na Kisauni huja kwa zamu, yakija. Ndiyo maana misikiti, madrasa, shule na wenye nyumba za kupanga wamechimba visima vyao, vingi vikitoa maji yenye chumvi ya kuogea na kufulia, na kwenye kila kisima kuna pampu. Stima ikipotea pampu hunyamaza, tangi la juu hubaki na kilichokuwamo, na bei ya mtungi kwenye mkokoteni hupanda kabla ya magharibi. Ongeza duka la dawa lenye friji ya insulini, zahanati yenye mama aliye kwenye uchungu, mwenye friza aliyenunua samaki alfajiri kwa pesa za mkopo. Watu wa Likoni nao wana ujuzi wao zaidi. Wengi wamewahi kusimama ndani ya feri katikati ya mlango wa Kilindini, injini imezima, mkondo unaisukuma taratibu, watu mamia wamenyamaza wakisikiliza kama itashika tena.

Kwa hiyo anayeijua injini isiyowaka, anayejua kuiuliza maswali kwa mpangilio hadi ijibu, ana elimu ambayo maisha ya watu huku yanaitegemea. Elimu hiyo haina cheti ukutani. Mara nyingi imekaa kwenye kichwa cha mzee mwenye mfuko wa turubai na vidole visivyosafishika tena.

Mmoja wao nilimwona akiitwa na kamati ya msikiti wa mtaa mmoja Kisauni. Ilikuwa jioni, stima imepotea tangu adhuhuri, birika limekauka na watu wa swala ya magharibi wanaanza kuja na chupa zao za maji kutoka nyumbani. Walikuwa wameshajaribu wenyewe, na betri imekwisha nguvu kwa kujaribiwa. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika spana, anataka kuifungua nozeli, kwa kuwa mtu alimwambia kwamba mara nyingi ni nozeli. Mzee aliweka mfuko wake chini, hakuufungua. Akasalimia, akaitazama ile jenereta kwa muda, halafu akauliza:

"Mara ya mwisho iliwaka lini?"

Hakuna aliyejua. Mmoja akasema Ramadhani. Mwingine akasema hapana, hiyo Ramadhani stima haikupotea hata siku moja.

"Haya," akasema. "Tutaiuliza yenyewe."

Alianza na betri, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kuikagua hakugharimu kitu. Terminali zilikuwa zimeota unga wa kijani na mweupe, ule ambao hewa ya bahari huuotesha kwenye kila kipande cha shaba na risasi. Akazisafisha kwa maji ya moto na kipande cha msasa, akamtuma kijana aombe betri ya matatu iliyokuwa imeegeshwa nje. Stata ikazunguka sasa kwa nguvu. Injini haikushika. Lakini mzee hakuwa akiiangalia injini. Alikuwa nje ya mlango, anaangalia ncha ya bomba la moshi.

"Hakuna moshi," akasema. "Basi usifungue kitu huko mbele. Mafuta hayafiki."

Maneno hayo machache yana mantiki kamili. Injini ya dizeli inayozungushwa na kutoa moshi mweupe inakwambia kwamba mafuta yanafika ndani lakini hayaungui. Hapo utafute joto, mgandamizo, nozeli isiyonyunyiza vizuri. Inayozungushwa isitoe moshi wowote inakwambia kwamba mafuta hayajafika, na kuigusa nozeli wakati huo ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Yule kijana, angeachwa, angefungua kitu kizima akakirudisha na uchafu, na usiku wa manane wangekuwa na mashine yenye makosa mawili. Nimeona injini nyingi zikifa hivyo. Si ubovu uliozimaliza, ni mikono iliyoingia kabla ya maswali.

Mzee akarudi nyuma, kwenye tangi. Akachovya kijiti: mafuta yamo, nusu. Akanusa kijiti. Akaangalia bilula ya tangi: imefunguliwa. Akaweka bilauri chini ya chujio, akalegeza kiparafujo cha chini. Kilichotoka kwanza hakikuwa dizeli. Yalikuwa maji, safi kabisa, robo ya bilauri. Kikafuata kitu cheusi, laini, kinachovutika kama mrenda. Dizeli ikaja mwisho, ikisitasita.

Ile bilauri ilipitishwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja wa kamati aliuliza nani ametia maji kwenye tangi, na sauti yake ilikuwa imekwisha kumshuku mtu. Fundi akamwambia kwa upole kwamba hakuna aliyetia. "Limejitia lenyewe, sheikh. Ni la kungoja."

Hapa ndipo panapostahili kukaa, kwa sababu jambo hili wengi wetu hatukufundishwa. Tangi lililojaa nusu lina nusu ya hewa. Mchana joto huipanua hewa ile na kuisukuma nje kupitia tundu la kifuniko. Usiku hewa hupoa, hujikunja, na tangi huvuta hewa mpya kutoka nje. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika ina zaidi. Unyevu ule hushika kwenye kuta za bati zilizopoa, huwa matone, huteremka. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini, palepale bomba la kwenda kwenye injini linapoanzia. Siku moja haitoi kitu cha kuonekana. Msimu mzima hutoa robo ya bilauri. Na katika mpaka ule mwembamba baina ya maji na mafuta huishi viumbe wadogo, bakteria na kuvu, wanaokunywa maji na kula mafuta. Mabaki yao ndiyo ule utando mweusi, na utando ndio unaoziba chujio. Injini inayotumika kila siku haiwapi nafasi. Mafuta hupita, tangi hujazwa upya, kila kitu kinaendelea kusogea. Ni ile iliyohifadhiwa kwa heshima, iliyofungiwa na kufuli, iliyofunikwa turubai, inayogeuka kuwa bwawa.

Betri nayo hupoteza nguvu ikiwa imekaa tu. Mipira ya mafuta hukauka na kupasuka nyufa zinazoruhusu hewa. Chuma kilicho ndani ya silinda hupoteza utando wake wa oili na kuanza kushika kutu. Hakuna hata moja kati ya haya linalosababishwa na kazi. Yote husababishwa na kukosa kazi.

Ushahidi mwingine uko vijijini Kwale, nyuma ya Likoni, ambako bado nimekuta injini za Lister zikisaga mahindi. Muundo wake ni wa Waingereza wa Dursley, ulioanza kuuzwa karibu mwaka 1930, na Wahindi wameendelea kuuiga hadi leo: silinda moja, gurudumu zito, mkono wa kuzungushia. Hauna stata, hauna betri. Mwenye kinu huinua kile kidude cha kuachia mgandamizo, huzungusha, hukishusha, na injini inaanza kudunda asubuhi ile kama ilivyodunda jana yake. Ina umri mkubwa kuliko anayeizungusha. Mjini, mbele ya msikiti, jenereta mpya yenye skrini ndogo ya kuonyesha nambari inashindwa kazi hiyohiyo. Tofauti yao si ubora wa chuma. Ya kijijini huulizwa kila siku kama ipo.

Nirudi kwa fundi, maana kazi ilikuwa haijaisha. Chujio lilibadilishwa, duka la vipuri lilikuwa bado halijafunga. Maji yakamwagwa hadi ikatoka dizeli tupu. Mtu mwenye haraka angewasha hapo, naye angeshindwa tena, kwa kuwa kulifungua chujio kumeingiza hewa kwenye njia ya mafuta.

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza yenye kufanya kazi vizuri ilikamilika Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliutegemea ukweli mmoja tu: hewa ikigandamizwa ghafla hupata joto. Pistoni huikamua hewa hadi ibaki na nafasi kiasi cha moja ya kumi na tano au moja ya ishirini ya ile ya mwanzo, na joto lake hupita nyuzi 500. Kisha mafuta hunyunyizwa ndani kama ukungu, yakashika yenyewe. (Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wachache tu kati ya walioitazama waligundua tofauti. Huwa naifikiria injini ile ninapopita kwenye minazi ya Mtongwe.) Ili ukungu ule utoke, pampu ndogo ya chuma lazima iyasukume mafuta kwa kani inayozidi mara mia ile ya hewa tunayoivuta. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo kani hufika kwenye nozeli ikiwa nzima. Hewa inakubali. Kiputo kimoja kikikaa njiani, pampu husukuma, kiputo hujikunja, pampu huachia, kiputo hujinyoosha, na nozeli haifunguki kamwe. Unaweza kuzungusha mpaka betri ife. Mafuta yamo, pampu nzima, nozeli nzima, na hakuna kitakachotokea.

Basi mzee alilegeza nati ya juu ya chujio, akamwambia kijana abonyeze pampu ya mkono. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha, ikabaki dizeli isiyo na povu, akakaza. Akasogea mbele hadi pampu ya kani, akafanya vilevile. Akasogea hadi nati ya nozeli, akailegeza kidogo, akaamuru stata izungushwe hadi mafuta yakaruka kwa vishindo. Akakaza. Alikwenda kwa mwelekeo wa mafuta yenyewe, kutoka tangini kwenda motoni, hakuruka hatua. Safari hii bomba lilitoa moshi mweupe, injini ikagonga mara kadhaa bila mpangilio, ikayumba, kisha ikashika. Pampu ya kisima ikaanza kunguruma chini, na mtu akapiga takbiri.

Nilisema alinusa kijiti. Alikuwa anatafuta mafuta ya taa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli hapa Kenya, na wafanyabiashara wasiomwogopa Mungu waliyachanganya na dizeli wakaweka tofauti mfukoni. Dizeli huilainisha pampu inapopita. Mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha, na pampu ya kani hulika polepole. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Injini zilipata nafuu. Mwanamke wa mtaa wa Shika Adabu anayepikia watoto kwa stovu alilipa gharama ya dawa ya ugonjwa ambao hakuuleta, na bado analipa. Sijaona mwenye mamlaka aliyemweleza kwa nini.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Sisi huku tulikaa gizani kama tulivyozoea, lakini habari iliyoutikisa mji mkuu ni ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Jenereta iliyopaswa kubeba baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Wasafiri walipigwa picha wakiwa gizani na mizigo yao, waziri wa uchukuzi akaomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Kabla ya mwaka kuisha, Novemba na tena Desemba, stima ilipotea nchi nzima mara nyingine.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Uwanja wa ndege si mahali pa kukosea hivyo. Lakini katika mazungumzo yote niliyoyasikia wiki ile, barazani na redioni, watu walitaka kujua nani alikuwa zamu usiku ule, nani mkubwa wake, nani alinunua mashine ile na kwa bei gani. Swali la mzee wa Kisauni sikulisikia: mara ya mwisho iliwaka lini, ikiwa imebeba mzigo gani, na nani aliandika? Ukimfukuza wa usiku ule bila kuuliza hivyo, umebadilisha kinyozi, nywele zinabaki palepale. Mashine ya akiba ina tabia ya kumtoa sadaka aliyekuwepo inaposhindwa, na kuwasitiri wote walioipita mlangoni kabla yake.

Swali hilo linasafiri. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa karibu na Belfast. Huko Ireland ya Kaskazini zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta: tangi liko uani, bomba jembamba linaingia ndani, na boila iliyo jikoni au kwenye kibanda huyachoma na kuyapeleka maji ya moto kwenye kila chumba. Asubuhi moja ya Januari boila yake iligoma. Ina kitufe chekundu, akanieleza kwa simu. Ukikibonyeza inanguruma kidogo, kisha inajizima na taa nyekundu inarudi. Mtoto wake mchanga alikuwa amevalishwa nguo zote alizo nazo. Nilikuwa karakana kwa yule mzee siku hiyo, nikampa simu.

Mzee hajawahi kuiona boila ya nyumbani, wala baridi ya kuihitaji. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mara ya mwisho iliwaka lini?"

Jana usiku, mzee.

"Na mafuta uliyatia lini?"

Kimya kidogo. Lori la mafuta lilikuja jana jioni, akasema. Tangi lilikuwa limekauka kabisa, lori likalijaza, na boila iliwaka kidogo usiku kwa kile kilichokuwa kimebaki kwenye bomba.

"Ukibonyeza hicho kitufe, na moto usishike, mafuta yanayomwagika yanakwenda wapi?"

Hakujua. Mimi pia sikujua. Mzee akamwambia asikibonyeze tena, kwa sababu kama kuna yanayoingia bila kuungua, basi yanajikusanya mahali, na siku moto utakaposhika utayakuta yote pamoja. "Ita fundi wa huko. Mwambie tangi lilikauka, likajazwa, na unadhani bomba limevuta hewa. Atajua pa kuanzia." Fundi wa huko alikuja na kuanzia hapohapo: akatoa hewa kwenye pampu ya mafuta, akasafisha chujio lililovuta tope la chini ya tangi, akaangalia lile jicho dogo linalotazama kama moto umeshika na kuzima kila kitu lisipouona. Nyumba ikapata joto kabla ya chakula cha mchana. Alimwambia pia kwamba kitufe kile maagizo yake husema usikibonyeze tena na tena, kwa sababu ileile aliyoisema mtu aliye Kisauni akiwa amevaa kikoi na jasho likimtoka.

Sisemi hivi kumfanya mzee awe mwujiza. Nasema elimu yake si ya jenereta. Ni ya njia: kitu kinatoka hapa, kinapita pale, kinapaswa kufika kule, simama kwenye kila kituo uone kama kimefika, na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja maana hutajua kilichoponya ni kipi. Vyuo vyetu vya ufundi vina vitabu vizuri kuhusu sehemu za injini. Ningetamani wanafunzi wakae na mtu kama yeye, wajifunze kuweka mfuko chini na kutoufungua.

Kilichonipa kazi zaidi ya kufikiri kilitokea siku chache baada ya birika kujaa, kwenye kikao cha kamati. Fundi alikuwa ameacha shauri moja: jenereta iwashwe kila Alhamisi baada ya alasiri, nusu saa, stima iwepo isiwepo. Mweka hazina akapinga. Pesa ni sadaka za watu, akasema, wengine wameitoa ile ya chakula cha jioni. Stima ipo, mimi nichome dizeli, nikaandike nini kwenye hesabu? Nitasimamaje mbele ya waumini?

Ni pingamizi la mtu mwaminifu, na sikubaliani na wanaolicheka. Kila senti ya akiba huonekana vizuri zaidi ikiwa haijaguswa. Tangi lililojaa, mashine inayong'aa, kilomita hazijasogea: hiyo ndiyo picha ya utunzaji tuliyorithi. Sahani nzuri hukaa kabatini zikingoja wageni. Kuna vitu vinavyovumilia kutunzwa hivyo, na dhahabu ni kimoja. Injini haimo. Ujuzi wa mkono haumo, wala sauti ya msomaji wa Kurani asiyerudia juzuu zake, wala ujirani usiobishiwa hodi hadi siku ya msiba. Kwa vitu hivi kutumia ndiko kuhifadhi, na gharama ya kutumia siku ya salama ndiyo bei halisi ya kuwa navyo. Asiyeweza kuilipa bei hiyo amenunua umbo la jenereta tu.

Marekani, kanuni ya chama chao cha kujikinga na moto inataka jenereta za dharura ziendeshwe angalau mara moja kwa mwezi, dakika 30, zikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wao. Hilo la mzigo lina sababu. Dizeli inayozunguka bure bila kazi haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yenye unyevu hujaa kwenye njia ya moshi. Kwa hiyo hata mazoezi ya uongo huidhuru.

Na hapo ndipo fundi, alipoitwa kikaoni, alipompa mweka hazina jibu ambalo lingemtosha mbele ya waumini. Msikiti hupandisha maji kila siku kwa stima, na stima hiyo hulipiwa. Siku ya Alhamisi isilipiwe. Zima ya Kenya Power, washa jenereta, pandisha maji ya Ijumaa kwa dizeli. Ijumaa ndiyo siku birika linapohitaji maji mengi kuliko zote. Pampu ndiyo mzigo. Dizeli itakuwa ghali kuliko stima, kweli, lakini kwenye hesabu itaandikwa maji, kwa sababu imegeuka maji, na maji yamo tangini watu wanayaona.

Shauri likapita. Kikanunuliwa kitabu cha mistari, kikafungwa kwa uzi kwenye mlango wa chumba cha jenereta. Huandikwa tarehe, dakika, kimo cha mafuta kwenye kijiti, kama maji yametoka chini ya chujio na kiasi gani, na jina la aliyewasha. Tangi sasa halishuki chini ya robo tatu. Kijana wa spana ndiye aliyepewa kazi hiyo, na anaifanya vizuri. Alhamisi moja aliandika kwamba stata imezunguka kwa uvivu, wakabadilisha betri kabla haijawaaibisha.

Jambo moja bado hawajakubaliana. Kijana anataka chujio la akiba liwekwe rafuni humohumo chumbani. Mweka hazina anasema linunuliwe likihitajika, duka la vipuri liko dakika tano. Kijana anamjibu kwamba duka hufungwa usiku, na stima hupotea baada ya hapo.